Sufuria Moja, Harusi Mbili

Jumatatu, 9 Juni

Naanza kuandika leo. Si kwa kupenda. Binti yangu Wahida kaniambia kila wasiwasi utakaonijia niuandike, nisiende kumgongea mlango. Ati nikigonga, kila alichokipanga kichwani kinamwagika. Leo nimegonga kidogo tu. Kumuuliza kama kala. Kumuuliza kama kanywa maji. Kumuuliza kwa nini haitiki.

Darasa langu ni la nne, lakini wasiwasi nina wa chuo kikuu. Daftari litajaa.

Basi iko hivi. Kikundi chetu cha akina mama hapa Nianjema kinakodisha vyombo vya shughuli. Viti, masinia, turubai, masufuria. Zamani ukitaka chombo unakwenda kwa Batuli, mtunza stoo. Funguo anazifunga kwenye pindo la kanga. Unamsifia kanga. Unamsifia wajukuu. Unamuuliza mguu unaendeleaje. Ndipo anafungua. Wahida katutengenezea programu: mtu anaagiza kwa simu, simu inamjibu kipo au hakipo. Bila kumuuliza mtu mguu.

Jana, Idi pili, tukaijaribu. Aibu! Tuna sufuria moja kubwa ya pilau, tunaiita Meli. Simu ikawapa Meli watu wa harusi ya Fukayosi. Simu hiyohiyo ikawapa Meli watu wa harusi ya Kiwangwa. Magari mawili mlangoni kwa Batuli. Huyu kashika sikio hili la sufuria, yule sikio lile. Mjomba wa bibi harusi wa Kiwangwa akaingia ndani ya sufuria akaketi, akasema anayeichukua aichukue pamoja naye.

Batuli kakaa kizingitini anajipepea. Akasema yeye hasemi kitu, kompyuta imeshasema.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Evarista, ni mwanamke wa haki. Katoa muda mpaka Jumamosi. Wahida aonyeshe programu mbele ya kikundi kizima, wote waagize kwa pamoja. Ikiharibika, tunarudi kwenye funguo za Batuli.

Hilo si kubwa. Kubwa nimelisikia nyuma ya pazia. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nalinyoosha pazia. Wahida alikuwa anamwambia baba yake kwamba hapa wakimkataa, anakubali ile kazi ya Dodoma. Jumapili anapanda basi.

Dodoma! Upepo wa kupasua midomo! Samaki wa kule kasafiri kuliko mimi! Kaka yake yuko Mwanza, dada yake yuko Maskati. Huyu ndiye sauti iliyobaki ndani ya nyumba. Mume wangu Msabaha hahesabiki, yeye hukohoa tu.

Nimeamua. Programu hii itapona. Hata kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimejifunza ugonjwa wenyewe. Nilimpelekea Wahida chai, nikasimama. Nikaendelea kusimama. Akaona bora anieleze.

Kwenye kompyuta yake kuna mahali anapoandikia programu. Hapohapo anaiendesha, hapohapo anaisimamisha na kuipasua tumbo aone ndani. Yote dirisha moja, kama karakana. Anaipenda karakana hiyo kuliko mchuzi wangu wa nazi.

Ndani ya programu wamo wahudumu. Wengi! Kila anayeagiza kwa simu anapewa wake, na wote wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Wahida anawaita thredi. Mie nawaita wahudumu, maana ndiyo kazi yao. Wakienda mmoja mmoja, hawana neno. Wakienda kwa pamoja, ndipo yanapozuka ya Meli. Tena si kila mara! Wahida akiwafuata hatua kwa hatua, wanatembea kama wachumba mbele ya shehe. Akiwaachia, wanavuruga. Akiwafuata tena, watu wa peponi.

Tabia hiyo naijua. Batuli mbele ya Mwalimu Evarista.

Alasiri Wahida akaenda kuoga. Mie nikaingia kufagia. Macho yakanipeleka kwenye kioo. Ala! Pembeni mwa yale maandishi, upande wa kushoto, vidoa vyekundu! Mviringo, vimeiva. Mstari huu una kidoa, mistari kadhaa safi, halafu kidoa tena. Nimelea watoto watatu, surua naijua nikiiona.

Mtoto wa watu anahangaika siku zote hizo, na ugonjwa uko pembeni mwa kioo unamkodolea macho!

Nikasema Bismillahi. Nikasogeza kile kimshale, nikabofya kidoa cha kwanza. Kikatoweka! Cha pili. Kikatoweka! Nikashuka mpaka chini. Navuta chini kuna vingine, nabofya. Mwishowe ukurasa mweupe, laini, kama shavu la mtoto aliyetoka kupakwa mafuta.

Nikamaliza kufagia. Kheri ya kweli haitangazwi.

Nimemwambia Msabaha tu. Na shemeji yangu. Na muuza maandazi.

Jumatano, 11 Juni

Ukelele asubuhi. Nilidhani nyoka.

Kumbe vile vidoa Wahida kaviweka mwenyewe! Kila kidoa ni mahali alipomwamuru mhudumu asimame, ili amkague mikononi kashika nini. Siku nzima alikuwa akitafuta pa kuviweka. Kaniuliza kama nimegusa kompyuta. Nikamwambia labda paka. Kaniambia hatuna paka. Nikamwambia labda wa jirani.

Akanitazama. Kisha akacheka, akaniegemea begani, akasema, mama, ukiona kitu chekundu tena usikitibu. Hata hakugomba. Mtoto asiyegomba ndiye anayekaribia kuondoka!

Halafu kaniambia kitu cha maana. Akijaribu peke yake, hitilafu haitokei. Kompyuta yake ina kasi mno, inamaliza kabla watu hawajagongana. Simu zetu zinajikokota, ndiko wanakogongana. Kwa hiyo anataka akina mama waje kesho na simu zao, uani kwetu. Wagombee Meli kwa pamoja, kama watu wanaogombea msosi wa bure. Kaniomba mie niwakusanye.

Mie! Nilikuwa nishafika barabarani kabla hajamaliza.

Lakini njiani nikawaza. Hili ni jaribio kabla ya jaribio. Batuli lazima atakuja, hakosi penye aibu ya mtu. Ikiharibika mbele yake, habari zitafika Ubena kabla ya adhuhuri. Na Wahida mwenyewe kasema: wakienda mmoja mmoja, hawana neno.

Basi si waende mmoja mmoja!

Wallahi kichwa hiki wangekisomesha. Nikapita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, kesho Wahida akisema bonyezeni, msirukie kama kuku. Sisi watu wa heshima. Mkubwa aanze. Akimaliza, anayemfuata kwa umri. Mdogo asubiri mkubwa. Na siri hii isimfikie Wahida, mtoto wa siku hizi ataona tunamdharau.

Wote wakakubali mara moja. Walisema hata nisingewaambia, wao wangeweza vipi kubonyeza kabla ya Mwalimu? Waliolelewa hao.

Tabu kwa Batuli. Huyu Batuli siku ya Idi, mbele ya umma, kanipigia shikamoo! Mie! Mtu tuliyecheza naye kombolela utotoni! Sauti kubwa, na goti kapinda. Nilikaa na uchungu huo toka Jumamosi. Leo nikafika kwake, nikawahi kabla hajafumbua kinywa: shikamoo, dada. Akajibu, shikamoo wewe, mkubwa wangu. Nikasema la hasha, shikamoo yako. Akasema haiwezi. Tukakaa hapo. Marahaba haikutoka kwa mtu.

Sikumweleza zamu yake ni ipi. Nikaondoka na ushindi. Au sare.

Alhamisi, 12 Juni

Siku gani hii! Niandike polepole.

Akina mama wamejaa uani, kanga zimepigwa pasi, simu mkononi. Batuli kakaa mbele. Wahida kaweka kompyuta yake juu ya meza, vidoa kavirudisha. Safari hii kaweka vya ujanja: kidoa hakimsimamishi mhudumu mmoja akipita peke yake. Kinasimamisha pale tu wawili wakikutana kwenye Meli. Mtego, akasema, unaofyatuka kwa wawili.

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, bonyezeni!

Mwalimu Evarista akavaa miwani. Akabonyeza. Simu ikamjibu umepata. Akamgeukia aliye kulia kwake, akasema haya, dada. Huyo akabonyeza, akajibiwa Meli imeshachukuliwa. Haya, bibi. Haya, mwanangu. Zamu ikazunguka uani kama kahawa ya msibani. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Programu safi kabisa! Nikapiga vigelegele. Wakapokea.

Nikamtazama Wahida. Uso wa mtu aliyemvizia mwizi na mwizi kapitiliza.

Akarudia. Akasema bonyezeni kwa pamoja, tafadhali. Kwa pamoja wote wakamtazama Mwalimu.

Wahida akashika kichwa. Akawaambia akina mama zangu, shangazi zangu, leo nataka mambo yaharibike. Yasipoharibika sijui pa kutengeneza. Naomba mgombane. Mmoja akamwuliza watagombanaje mbele ya Mwalimu, na kuna chai inakuja? Mwingine akasema yeye kufunzwa kafunzwa, hawezi kumtangulia mkwe wake hata kwenye simu.

Mie nikajikunyata. Kumbe ule uponyaji wangu ndio uliokuwa ukiuficha ugonjwa! Hivyo niliwaza. Kisha nikawaza tena: lakini kwani nani aliyewaleta watu hawa? Nikajisamehe.

Mzunguko wa tatu. Wahida akabadilisha: wawili wawili. Jozi hii wanapeana njia. Jozi ile wanapeana njia. Mtego umelala. Tukabaki mie na Batuli.

Batuli akanipa mkono, ule wa kukaribisha. Ati nitangulie, mie dada yake mkubwa. Nikamwambia sithubutu, mkubwa hatanguliwi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati mie nimeshavunja ungo. Uani pakazizima kwa kicheko. Nikamwuliza alibebwa na nani, ilhali yeye ndiye aliyenibeba mie siku moja ya mafuriko? Akasema alinibeba kwa kuwa nilikuwa mzee magoti yanauma. Nikasema mwenye jino la dhahabu na mjukuu kidato cha nne asizungumzie magoti ya watu.

Wote wawili tumenyoosha kidole juu ya simu. Hakuna anayebonyeza. Jasho. Hata kuku uani wamesimama.

Akanisogelea sikioni, taratibu, akanambia: shikamoo.

Nikabonyeza! Naye kabonyeza! Kwa pamoja, ukucha kwa ukucha!

Simu zote mbili zikawa zinazungusha kile kiduara cha kusubiri. Kwenye kompyuta mstari mzima umewaka rangi. Wahida akaruka, kiti kikaanguka. Akapiga kelele mtu yeyote asiguse kitu. Akatuita tuone. Kumbe mtego umefyatuka! Programu nzima imeganda kama picha, na ndani yake wahudumu wawili, wangu na wa Batuli, wamesimama mstari uleule. Wahida akaonyesha kwa kidole. Huyu kauliza Meli ipo, kaambiwa ipo. Huyu naye kauliza, kaambiwa ipo. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba kaichukua. Kati ya kuuliza na kuandika pana upenyo, mwembamba kama wa sindano, na hapo ndipo harusi mbili zinapopita.

Akawaachia waendelee. Kling! Simu yangu: hongera, umepata Meli. Kling! Ya Batuli: hongera, umepata Meli.

Wahida akatukumbatia wote wawili kwa mpigo. Akanibusu paji. Akambusu Batuli pia, hilo sikulipenda. Mwalimu Evarista akasema hajawahi kuona mtu anafurahia kitu kuharibika namna hii.

Ushindi! Nimeikamata hitilafu kwa kidole changu. Batuli alikuwapo tu.

Ijumaa, 13 Juni

Wahida katia kufuli. Mhudumu akiingia stoo kuuliza Meli, anafunga mlango. Anauliza, anaandika, ndipo anafungua. Mwenzake anangoja nje. Upenyo umezibwa. Kabla ya swala ya Ijumaa tukajaribu na simu ya Msabaha, na yangu, na ya shemeji. Anapata mmoja. Mara zote mmoja! Nikachinja kuku.

Nisingechinja. Baada ya swala programu ikanyamaza. Si makosa, kimya! Kiduara kinazunguka, kinazunguka. Katia kufuli kwenye Meli, na kufuli kwenye turubai. Sasa harusi hii inataka vyote viwili, na ile inataka vyote viwili. Wahida akabonyeza kitufe cha kusimamisha, wahudumu wote wakaganda, akawakagua mmoja mmoja. Akawakuta. Huyu kashika Meli anangoja turubai. Yule kashika turubai anangoja Meli. Kila mmoja kamkalia mwenzake, na wangengoja hivyo mpaka parapanda.

Nikatoa ushauri. Nikamwambia waambiwe wawe na adabu, kila mmoja amwachie mwenzake. Akaniambia wakiachia wote na kushika tena wote, tumerudi palepale. Nikamwambia basi mmoja afukuzwe. Akaniambia, mama, kuku yupo jikoni.

Alasiri karekebisha mwenyewe. Sheria moja kwa wahudumu wote: sufuria kwanza, turubai baadaye. Asiyepata sufuria hagusi turubai. Basi! Hakuna tena wa kushika cha huku akingoja cha kule. Kaniita kuonyesha, anacheka, mkononi kashika paja la kuku. Sijamwona akila hivyo toka Ramadhani.

Lakini mie sina imani. Meli ilipona, likaugua turubai. Kesho nani ajuaye, masinia? Na begi lake nimeliona, liko juu ya kabati, limefutwa vumbi. Nilishika mkanda wa begi hilo nikalia kidogo. Kisha nikafikiri.

Watu wengi ndio wanaoleta mgongano. Wakiwa wachache, hakuna mgongano. Nikatoka kabla ya Magharibi. Nikapita kwa nusu ya akina mama. Nikawanong'oneza kwamba kesho mtandao una hatari, simu zinaungua betri, wasije nazo. Wengine nikawaambia Mwalimu kakataza. Mungu anisamehe, ni kwa ajili ya mtoto.

Kwa Batuli sikupita. Yule simu yake na iungue.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Mwanzo haukuwa mzuri. Nikiri.

Kikundi kizima kimekaa. Wahida kavaa gauni la kijani, kichwa juu. Mwalimu Evarista akafungua kikao, akasema kila mtu atoe simu. Nusu ya watu wakatazamana. Hawana simu! Mwalimu akauliza kulikoni. Mmoja akasema betri zinaungua. Mwingine akamwambia lakini Mwalimu, si wewe uliyekataza? Mwalimu akasema yeye? Akataka kujua habari hizo zimetoka kwa nani. Vidole vyote, kama miale ya jua, vikanielekea mie.

Batuli akacheka mpaka akajishika ubavu. Akasema jamani, hata mama mzazi haiamini programu ya mwanawe, sisi tuiamini kwa lipi? Akatikisa pindo la kanga. Funguo zikalia.

Wahida akanitazama. Aliona aibu kwa ajili yangu. Ningepata shimo ningeingia, hata Meli ingenitosha.

Mwalimu akaamua: kila mtu arudi kwake achukue simu. Basi kumbe kumwinua mtu aliyeketi, ukamtembeza juani kwa sababu ya uongo, ni kumkoroga! Walirudi wanahema, wamenuna, adabu wameiacha nyumbani. Na hawakurudi peke yao. Mtaani walikwenda wakitangaza kwamba kwa Mama Wahida kunagombaniwa Meli. Wakaja wakwe, wakaja mawifi, akaja muuza maandazi. Uwanja ukafurika. Kila mtu na simu yake, na hasira yake.

Mwalimu akahesabu. Hakufika tatu!

Wakabonyeza kama mvua ya mawe. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Mkwe kamtangulia mkwe! Bibi mmoja anabonyeza simu mbili kwa vidole gumba viwili. Wanasukumana, wanatukanana kwa utani, kiti kimevunjika. Mie nimefumba macho, nasoma yote niliyofundishwa utotoni.

Kling. Moja.

Nikafumbua. Simu zote zimejibu. Meli imekwenda kwa mtu mmoja. Mmoja! Wengine wote wameambiwa kwa upole kwamba imeshachukuliwa, na wakaonyeshwa zile ndogo zilizobaki. Turubai kalipata huyohuyo mwenye Meli. Hakuna aliyeganda. Hakuna aliyegawiwa mara mbili. Mwalimu akakagua simu moja baada ya nyingine, miwani puani. Akasema rudieni. Tukarudia mpaka vidole vikachoka. Kila mara mmoja.

Na yule wa kwanza, mshindi wa Meli? Batuli! Karuka juu na mguu wake mbovu! Kasema sufuria ni yake, kaipata kwa haki, ole wake atakayeigusa, na harusi ya mpwa wake sasa imetimia. Akawaambia watu programu hii haina mfano. Akafungua pindo la kanga, akampa Mwalimu funguo mbele ya wote. Mtu aliyekaa na funguo hizo kuliko alivyokaa na mume!

Vigelegele vikafika ufukweni.

Mwalimu akatangaza sheria: kuanzia leo hakuna kuagiza kwa mdomo. Kila ombi lipitie simu. Akasema pia vikundi vya Kiwangwa na Fukayosi vinataka programu kama hii, Wahida yuko tayari? Wahida akasema yuko tayari.

Jioni mwanangu kapiga simu Dodoma mbele yangu. Kawaambia ahsante, kazi kaipata nyumbani. Akashusha begi kabatini, akaninyooshea nitilie mashuka ya wageni. Nikayakimbilia mashuka. Msabaha akakohoa, akasema hayo ndiyo mambo.

Wahida akaniambia, mama, ulituharibia asubuhi yote, lakini lile kundi lenye hasira ndilo jaribio lililokuwa linahitajika. Akasema yeye mwenyewe asingelipata.

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Hasa ile sehemu ya pili.

Jumatano, 18 Juni

Mambo mazuri. Nyumba ina sauti. Wahida anaimba bafuni.

Kitu kimoja tu kidogo. Jumatatu alikuja mama mmoja wa Kiwangwa, kafuata njia yote hiyo, kashika mananasi mawili. Kapiga hodi kwa adabu kamili, kauliza hali ya kila mtu, mpaka ya mguu wangu, na mguu wangu mzima. Anamwoza binti Jumamosi. Anaomba Meli. Sasa mtu kaja mwenyewe, kaketi kwenye mkeka wangu, nanasi lake nimeshalionja, nimwambie aende akabonyeze simu? Mie nimezaliwa na nani? Nikamwambia ichukue, dada, imepata mwenyewe. Sikuona haja ya kumsumbua Wahida.

Leo imesikika kwamba Jumamosi hiyohiyo Meli anayo mtu wa Ubena. Kaagiza kwa simu, kajibiwa umepata. Mwalimu Evarista kampigia Wahida. Harusi mbili tena! Wahida toka alfajiri yumo karakanani. Karudisha vidoa, anawasimamisha wahudumu mmoja mmoja, anawakagua mikono. Hawana kitu. Anawarudisha nyuma, anawaachia tena. Macho yamemwiva. Anasema kila kufuli liko mahali pake, haelewi mtu wa pili kapitia wapi.

Namwonea huruma. Nimempelekea nanasi limekatwa vizuri. Nilitaka kumweleza, kisha nikayapanga kichwani kwanza, na kwa kweli sioni cha kueleza. Kompyuta imesema ndiyo mara moja tu. Mie nimesema ndiyo mara moja tu. Hitilafu hapo iko wapi?